Ghala Lililokuwa Likiitikia

Mimi ni fundi cherehani, na huyu wanayemwita Kengele ni wifi yangu. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba nampendelea. Simpendelei. Tangu kaka yake anioe, Kengele amenikosoa chumvi, malezi, hata ninavyofagia ua, na mimi sijamwacha hivi hivi. Nimeshamwambia mbele za watu kwamba sauti yake inafaa kufukuzia nyani shambani. Alicheka mpaka akakaa chini. Ndivyo tulivyoishi, vijembe asubuhi na vijembe jioni, na kaka yake alipofariki tukabaki wawili kwenye ua mmoja, kila mtu na mlango wake.

Jina la Kengele alipewa ghalani, akiwa msichana, zama za pamba. Wakati huo kijiji chetu kilikuwa kijiji kweli. Duka hapa, kinyozi pale, shule imejaa hadi watoto wanabanana chini. Kampuni ya pamba ilikuwa imejenga ghala refu la matofali, na paa lake halikuwa la mabati. Lilikuwa kuba. Matofali yalipanda kutoka ukuta mmoja, yakainama, yakashukia ukuta wa pili, bila boriti wala nguzo katikati. Ukiingia unaangalia juu unajiuliza yanashikwa na nini. Wanawake walikaa chini yake juu ya magunia wakichambua pamba, wakitoa majani na uchafu, na mnyapara aliwaacha waimbe kwa sababu aliona wakiimba mikono inakwenda mbio. Kengele akianzisha, sauti ilipanda hadi kwenye kuba, ikazunguka, ikarudi imenenepa. Mpita njia angeapa kwamba mle ndani kuna mkutano wa hadhara.

Baadaye wakamhamishia kwenye mashine ya kufunga marobota. Mshahara ulikuwa afadhali, kelele ndizo zilikuwa balaa. Mashine ile ilibamiza kutwa, na hakuna aliyempa hata kipande cha pamba aweke masikioni, katika ghala lililojaa pamba hadi mlangoni! Miaka ikapita hivyo. Halafu bei ya pamba ikaanguka, kampuni ikafunga virago, mashine zikang'olewa, likabaki ghala tupu na popo wake.

Sina haja ya kueleza sana kilichofuata, maana kila mtu ameona kijiji kikifa. Vijana wanaondoka, wanasema watarudi. Kinyozi anabaki na vichwa vya wazee, navyo havina nywele. Maduka yanapigwa kufuli na kufuli linashika kutu. Shuleni wanaunganisha madarasa, na mwalimu mkuu anaishi na hofu kwamba siku yoyote ataambiwa afunge mlango. Mimi mwenyewe nilikuwa nashona sare za shule kwa rundo. Sasa nashona viraka.

Kitu kimoja tu hakikufa. Kila Jumamosi mchana, wanawake waliobaki waliingia ghalani, wakafukuza popo, wakaimba zile nyimbo za kazi. Kazi haikuwepo, nyimbo zilikuwepo. Kengele alisimama palepale katikati, chini ya kilele cha kuba, akaanzisha.

Nilikuja kujua habari ya masikio yake kwa sababu ya chungu. Nilikuwa uani, naona kwa mlango wake chungu kinafurika, kifuniko kinagonga, mwenyewe amekaa kando anachambua mboga kama hakuna kitu. Nikamwita. Kimya. Nikamwita tena. Nikasema, leo huyu ananidharau, nikaenda kumvaa. Nilipomgusa bega aliruka, mboga zikamwagika.

"Unaninyatia kama mwizi!"

"Wifi, wewe husikii."

"Nani hasikii? Wewe ndiye unayenong'ona siku hizi."

Mimi, ninong'one! Mimi ambaye nikiongea na mteja dukani, jirani wa pili anajua kipimo cha kiuno chake. Akainama kuokota mboga, akaokota taratibu mno, jani moja moja, bila kuniinulia uso, nikajua.

Jioni ile alinieleza. Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa na la pili lilikuwa likienda. Midomo alikuwa anaisoma. "Mdomo wako hasa," akasema, "kwa sababu ni mkubwa." Kwenye misiba na sherehe, watu wakimwomba aimbe, alikuwa anashika koo na kusema linawasha. Lakini ghalani alisikia.

"Nikisimama pale katikati, sauti inanirudia kichwani hadi kwenye meno. Pale najua kama nimepanda au nimeshuka. Nje ya pale naimba gizani, wifi. Usimwambie mtu. Wakijua, watanivua uongozi wa nyimbo kwa heshima. Watanipa kiti cha mbele nikae niwaangalie wenzangu wakiimba. Afadhali nife."

Nikamwambia asiseme upuuzi, na nikanyamaza kama alivyotaka. Kwangu kunyamaza ni adhabu, wanaonijua wanajua.

Ndipo wakaja wale wageni. Walikuwa wawili, mama mmoja wa makamo mwenye mvi alizokataa kuzipaka rangi, na kijana mwenye mashine ya kurekodi. Walitoka kwenye shirika linalotafuta majengo ya zamani na sanaa za zamani, ili vijiji kama chetu vipate tena sababu ya kuwepo. Mwalimu mkuu ndiye aliyewaandikia. Tukawapeleka ghalani kwa aibu. Popo juu, masizi ukutani, lipu imepasuka kila mahali.

Yule mama aliingia, akasimama, akapiga kofi moja. Sauti ikapanda, ikazunguka, ikarudi. Akacheka kama mtoto. Kisha Kengele akaanzisha, wenzake wakaitikia, na yule kijana wa mashine akavua vile vidude vya masikioni na kubaki mdomo wazi. Wimbo ulipokwisha, yule mama alikuwa anafuta machozi waziwazi.

Akatueleza anachokiona. Wanamuziki watakuja kurekodi humu. Watoto wa shule watafundishwa kuimba humu, na wa vijiji vingine pia. Nyumba zilizofungwa zitafunguliwa zilaze wageni. Kisha akamshika Kengele mikono. "Na mwalimu wao atakuwa huyu mama. Jengo lenu ni zuri ajabu. Tutarudi mvua zikiisha, tuanze."

Nilimwangalia wifi yangu. Alikuwa anasoma ile midomo kwa macho yote mawili, na alipofika kwenye neno "mwalimu" uso ulimlainika. Njiani kurudi nyumbani alinifinya mkono hadi ukauma. "Nitafia mle ndani, wifi. Nitafundisha hadi sikio la mwisho lizimike, na hata likizimika, kuba litanisikilizisha." Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile, hata siku ya harusi yake, ingawa siku ya harusi nadhani alikuwa ameshamjua yule bwana, aliyekuja kumwacha, ni mtu wa aina gani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipojimaliza wenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano. Ni mtu mwema, sitamsema vibaya, tatizo lake ni kwamba hawezi kumwona mgeni akikaa kwenye kiti kilichopasuka. Akasimama akasema: wageni wamelisifu ghala letu. Haya. Mgeni akila ugenini, hata chakula kikiwa kimeungua, anasema kitamu. Yule mama ameonyesha adabu zake, na sisi tuonyeshe zetu. Atarudi na watu wakubwa. Tutamwimbisha mama yetu Kengele chini ya mavi ya popo?

Watu wakasema, haiwezekani! Na mimi nilisema haiwezekani, kwa sauti kubwa kuliko wengi. Hakuna hata mmoja, si mwalimu mkuu, si nani, aliyefikiri kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kulisifu ghala lile na kumaanisha. Tulilijua lile ghala. Lilikuwa chafu, lilikuwa la kazi ya sulubu, mama zetu walikohoa vumbi la pamba mle. Kengele mwenyewe alinyanyua mkono kuunga mkono. Alitaka watoto wake wa kuimba waingie mahali pasafi.

Kila nyumba ilitoa ilichokuwa nacho, na waliokuwa mjini wakatuma. Fundi mwashi akapanda juu, akaona nyufa kwenye lipu, akasema hili kuba halifai tena, litakuja kuua watoto, bora liangushwe tuweke mabati mapya na dari la kisasa. Kengele alisimama mbele ya uso wake ili aone midomo, akamuuliza sauti itarudi kama zamani? "Itarudi zaidi, mama," fundi akasema. "Dari laini, hakuna pa kukwama." Hakuwa anadanganya. Aliamini hivyo, na sisi tukaamini.

Kuba lilikataa kuanguka. Waligonga, wakagonga, nyundo zikavunjika mipini, na lilipolegea mwisho tukaona matofali ndani yake ni mazima, mekundu kama yametoka tanuruni jana. Nyufa zilikuwa za lipu tu. Fundi alisimama ameshika tofali, akiligeuza huku na huku. Lakini nusu ilikuwa imeshaanguka, nani angelirudisha? Waliojua kujenga hivyo walikufa kabla hatujazaliwa. Tukapiga moyo konde, tukaendelea. Matofali tukajengea vyoo vya wageni.

Tukaweka dari jeupe. Tukatandika zulia ukuta hadi ukuta. Mimi nikashona mapazia mazito, marefu, yenye mikunjo, na nitakuambia ukweli, yalikuwa mapazia mazuri kuliko yote niliyowahi kushona. Siku tulipomaliza, Mwenyekiti akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Asiingie mtu. Wageni ndio watakaokuwa wa kwanza kukanyaga zulia, sisi tutafuata. Ndivyo tulivyolelewa, kipya ni cha mgeni kwanza. Kwa hiyo mazoezi yalifanyika darasani, na darasani Kengele akashika koo, akamwachia mke wa kinyozi aanzishe. "Naitunza sauti kwa ajili ya siku yenyewe," akawaambia, nao wakaona ni busara.

Siku ikafika. Wageni walikuja wengi, magari yakajipanga hadi shuleni. Tukavua viatu mlangoni, na Mwenyekiti akafungua kama anafungua benki.

Yule mama mwenye mvi aliingia, akaangalia juu. Kisha akapiga kofi.

Kofi likafia palepale, kama umepiga godoro.

Akapiga tena, kwa nguvu. Hakuna kitu. Nilimwona akigeuka taratibu, akitazama dari, mapazia yangu, zulia, na rangi ikimtoka usoni. "Kuba liko wapi?" akauliza.

"Tumeliondoa, mama!" Mwenyekiti akasema, anameremeta. "Msiwe na wasiwasi tena. Na matofali hatukutupa, twende nikuonyeshe vyoo."

Ee Mungu wangu. Nilielewa palepale, kichwa hadi miguu. Nadhani fundi naye alielewa, maana aligeuka pale mlangoni akaondoka akiwa bado hajavua kiatu cha pili. Lakini wageni walishaketi, kikundi kimeshajipanga na sare zao, na Kengele alikuwa anatembea kwenda katikati, mahali pake.

Akasimama. Akainua uso kuelekea dari jeupe, akaanzisha.

Mwanzo ulikuwa sawa, kwa mazoea ya koo. Kisha nikamwona anangoja. Alikuwa anangoja sauti imrudie, na hairudi. Akapandisha kidogo kuitafuta, akashusha, akapandisha tena. Wimbo ukamtoka mkononi kabisa. Akawa anaimba kitu kingine, nje ya njia, kwa sauti kavu yenye mikwaruzo ambayo sijawahi kuisikia kwake. Na wenzake, kwa kumheshimu, hawakumwacha peke yake. Walimfuata. Akipotea huku wanapotea naye, akirudi wanarudi naye. Waliimba nyimbo zote za ratiba hivyo. Watoto walianza kucheka, mama zao wakawafinya.

Alikuwa anatuangalia nyuso, mmoja mmoja, azisome. Lakini sisi tulikuwa mbele ya wageni, na mbele ya wageni watu wetu hutabasamu. Kila uso aliougeukia ulikuwa unatabasamu. Na wangu pia.

Wageni wakapiga makofi, makofi ya adabu. Tukawatoa nje kwenye chakula, chini ya turubai. Nikamfuata yule mama hadi penye maji ya kunawa.

"Mtaanza lini?" nikamuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Akatikisa kichwa. "Hakuna tena cha kuwaleta watu hapa. Ukumbi kama huu upo kila mahali. Kuba kama lile halikuwepo popote pengine. Nilisema jengo lenu ni zuri."

"Kila mgeni husema hivyo!" Nilimpandishia sauti, nami najua si vizuri. "Kila mgeni! Ungesema msiliguse! Ungetukaripia! Ungepunguza adabu kidogo tu, tungekuelewa!"

Alilia akiwa ameshika sabuni, na mimi nikamwonea huruma, na nikajichukia kwa kumwonea huruma. Alisema pole. Nitaifanyia nini pole? Shule itafungwa sasa, watu wanajua. Nyumba zitaanguka zile zilizobaki. Kuna mabati mapya juu ya zulia jipya katika kijiji ambacho miaka michache ijayo hakitakuwa na mtu wa kufagia hilo zulia.

Nikarudi ndani kumtafuta wifi yangu. Alikuwa bado amesimama palepale katikati, peke yake. Aliponiona akageuza uso kwangu ili apate midomo.

"Wifi, niliimbaje?"

Wewe ungesema nini? Niliona mikono yake imeshika pindo la sare niliyomshonea mwenyewe. Nikasema, nikiifungua midomo vizuri, "Uliimba vizuri sana, wifi yangu. Uliimba vizuri mno."

Polepole uso wake ukaanguka, nikaona ukianguka na sikuweza kuukamata.

"Wewe?" akasema. "Wewe unisifu? Lini wewe uliwahi kunisifu?"

Nikafungua mdomo nimtukane, nimwambie nyani, nimwambie chochote. Machozi yakanitangulia. Akakaa chini kwenye zulia, akavuta magoti.

"Basi niambie ukweli. Niliharibu wimbo wa mwisho tu, au tangu wa kwanza?"

Nikamjibu. Akatikisa kichwa, macho yamemjaa maji, midomo yangu haionekani tena kwake. "Sikusikii." Nikamjibu tena, karibu na sikio. Lile dari na yale mapazia yalinimeza maneno yote. "Sikusikii, wifi, sema!"

"Tangu wa kwanza!" Nilipiga ukelele hadi kifua kikaniuma. "Wote! Uliharibu wote, tangu wa kwanza!"

Nje, chini ya turubai, vijiko vikatulia. Mke wa kinyozi alikuwa nje, wanawake wote wa kikundi walikuwa nje, na sasa kila mmoja alikuwa amejua siri ya masikio yake.

"Hapo nimesikia," Kengele akasema.

Akajifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka, na tukaenda mlangoni kutafuta viatu vyetu.